TAHADHARI: Msitume pesa kwa anayeuza sarafu za kasa za Aegina

Ndugu zangu mnaokusanya sarafu za kale, kuna mtu anawafuata watu inboksi akiuza stata, yaani sarafu za kale za fedha zenye picha ya kasa, za kisiwa cha Aegina, Ugiriki. Anadai ni za mwaka 550 KK, zilifukuliwa shambani kwa babu yake, na zimebaki chache tu. Nawaomba msimtumie hata senti. Ni feki.

Mwenzetu mmoja alitumiwa picha za sarafu tatu achague, akaniletea nizitazame. Nilizikuza moja baada ya nyingine. Zote tatu zina ufa uleule ukingoni, kushoto kwa kichwa cha kasa, na mkwaruzo uleule kwenye gamba. Hilo haliwezekani. Aegina ni miongoni mwa miji ya kwanza ya Ugiriki kutoa sarafu za fedha, na kila moja iligongwa kwa nyundo, kwa mkono. Muhuri mmoja wa kugongea sarafu ungeweza kutoa picha ileile mara nyingi, lakini ufa hutokea fedha yenyewe inapopasuka chini ya nyundo, na kila kipande hupasuka kivyake. Nyufa pacha maana yake zimemiminwa kwenye kalibu moja. Ukitazama ukingo utaona hata mstari mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Amejaribu kuupiga tupa, haukuisha.

Uzito nao unamuumbua. Stata kamili ya Aegina hukaribia gramu 12.2. Yeye kaandika 9.8, na alipoulizwa akajibu kwamba imelika kwa uzee. Fedha hulika, sawa, lakini sarafu iliyopoteza karibu moja ya tano ya uzito wake haibaki na nukta za mgongoni mwa kasa zilizosimama vizuri namna ile.

Kwenye tangazo lake jingine kaweka kobe wa nchi kavu, gamba lenye vigae, bado anaandika 550 KK. Sarafu za mwanzo zina kasa wa baharini, gamba laini na mstari wa nukta katikati, na nyuma hakuna picha yoyote, ni alama tu ya kigongeo iliyodidimia. Kobe alikuja miongo mingi baadaye.

Wapo waghushi hodari. Mjerumani Carl Wilhelm Becker, aliyefariki 1830, alichonga mihuri yake mwenyewe na kuwasumbua mabingwa. Huyu wetu hajafika huko, mizani ya sonara na kioo cha kukuzia vinatosha kumkamata.

Hata hadithi ya shamba la babu isiwavute. Kwa sheria ya Ugiriki namba 3028 ya 2002, sarafu za kale zinazochimbuliwa ardhini ni mali ya serikali. Ingekuwa kweli, angekuwa anakuuzia mali ya magendo.

Cheti anachotuma kina muhuri mwekundu tu, hakitaji mnada wala mtaalamu aliyeipima. Pesa anataka zitumwe kama za kumsaidia ndugu, njia isiyomlinda mnunuzi. Ukimwambia ulipe kwa kadi, anakublock.

Kama umeshalipa, piga simu benki leo hii uombe muamala upingwe. Usifute meseji wala picha. Akikwambia urudishe kwanza sarafu ndipo akurejeshee pesa, usikubali, hiyo sarafu ndiyo ushahidi wako.