Riviu: ufadhili wa kujifunza kutengeneza dawa, nyota tatu na nusu kati ya tano

Haya jamani, hii naiandika mara moja iishe, maana kila nikishuka stendi ya Malindi asubuhi kununua mbaazi na mahamri kuna kijana atanishika mkono, "daktari, ati ulilipwa kwenda Ulaya kusomea dawa, na mie naingiaje?" Kwanza mimi si daktari, mimi ni mfamasia, bi mkubwa ndo hunitambulisha hivo kwa watu na nshachoka kumrekebisha. Pili sikwenda kusoma, na hapo ndo wengi wanapokosea toka mwanzo.

Nilichopata ni ufadhili wa kukuza watafiti. Wanakulipa pesa ya kujikimu kwa miezi 12, unakaa ndani ya kampuni inayotengeneza dawa kama mmoja wa timu, unaona dawa inavyopikwa kutoka wazo mpaka inafika kwa mgonjwa (au inavyofia njiani, ntakuja hapo), kisha unarudi kwenu. Hakuna mtihani, hakuna joho, hakuna digrii. Kama unatafuta cheti cha kutundika ukutani sebuleni, huu si wako, tafuta skolaship ya kawaida.

Mpango niliopitia siutaji jina wala kampuni yenyewe siitaji, kwa sababu kuna mahali ntalalamika na bado nataka wajibu imeili zangu. Lakini mipango ya namna hii iko, mtu asikwambie ni ya watoto wa wakubwa. TDR, ule mpango wa magonjwa ya tropiki uko Geneva kwa WHO tangu 1975, wana utaratibu wao wa kuwapachika watafiti wa nchi kama zetu kwenye makampuni ya dawa, walianza nao 1999, halafu EDCTP ambao ni ushirika wa Ulaya na Afrika ulioanza 2003 wakaja wakaungana nao. Wamarekani nao wana Fogarty, kituo chao cha utafiti wa afya wa kimataifa, na granti yao inaitwa K43, hiyo huhami, unabaki hapa hapa kwenu, lakini asilimia 75 ya muda wako wa kazi lazima iwe riseachi, miaka mitatu mpaka mitano, sasa wewe unayetegemea zamu za duka la dawa kulisha watoto isome vizuri kabla hujasaini. Na hapa jirani tu Kilifi, Kemri, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na Wellcome, shirika la hisani la Uingereza, wako pamoja tangu 1989 na wamelea watafiti mpaka wakapata PhD. Watu wanaota Geneva na kitu kiko umbali wa matatu moja, unapita Gede, unapita Matsangoni, umefika.

Maombi sasa. Proposo kurasa chache, sivii, barua mbili za watu wanaokujua kikazi, na barua ya bosi kusema akikuachia uende ukirudi atakupokea. Proposo niliandika wiki mbili. Barua ya bosi ilichukua mwezi na kitu. Si kwamba alikataa, la, alikuwa "anaisoma", kila nikienda anaisoma, barua yenyewe mistari sita! Mwisho niliiprinti mwenyewe nikampelekea na kalamu, akasaini amesimama. Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza, barua ya bosi ianze kabla ya proposo.

Intavyu ilikuwa onlaini, watu wanne, wapole sana, nilikaa kwenye ofisi ya shemeji yangu ya fanicha kwa sababu yeye ana jenereta na stima siku hiyo ilikuwa na tabia zake. Waliniuliza mambo ya kazi nikajibu. Halafu bibi mmoja mtu mzima akaniuliza, ukirudi nyumbani utafanya nini na ulichojifunza? Nikamwaga maneno wallahi, ati nitajenga kitengo cha majaribio ya dawa hapa Pwani, ati nitafundisha wenzangu, mpaka mwenyewe nikajiamini. Lile jibu lilinipitisha na ndilo limenisumbua mpaka leo.

Pesa, maana najua mmerukia hapa. Inatosha mtu mmoja asiye na mambo mengi. Ukiigeuza kwa shilingi utajiona sheha, ngoja ulipe nyumba, kodi ilimeza karibu nusu yake, na nyumba kwanza wanataka amana ya miezi miwili kabla hujaingia na pesa ya ufadhili yenyewe inaingia mwisho wa mwezi. Mwezi wa kwanza niliishi kwa pesa ya chama ya bi mkubwa, hilo halimo kwenye broshua. Tiketi walikata wao, bima ya matibabu ipo na inafanya kazi, niling'oa jino nikalipiwa bila maswali. Lakini familia hakuna. Mke wangu nilimwacha Maweni na mtoto wa miezi minane na nikirudi mtoto ananikimbia, akanizoea wiki ya tatu. Mipango mingine nasikia huongeza kitu kwa wenye watoto, huu wangu haukuwa na kitu hicho, na mwanamke mwenye mtoto wa kunyonya sijui angeufanyaje. Hapo nimekata nusu nyota bila huruma.

Sasa utamu wenyewe. Mimi nilienda nikidhani dawa inaanzia maabara, mtu na koti jeupe anatikisa chupa. Kumbe inaanza na karatasi. Wiki ya kwanza nilikalishwa na timu wanabishana kuhusu kurasa mbili tu, zinaandikwa sifa za dawa ambayo bado haipo: itakuwa kidonge au sindano, mara ngapi kwa siku, itamfaa mja mzito, itakaa bila friji miezi mingapi, itauzwa bei gani. Kila kitu kitakachofuata kinapimwa na zile kurasa. Siku ya pili mwenyekiti akanigeukia, wewe uliyeuza dawa huko joto, mtu akipewa vidonge vya siku saba anamaliza? Nikacheka. Nikawaambia anamaliza siku ya tatu, akisikia nafuu vilivyobaki anaweka kwenye kikombe juu ya kabati, homa ikija kwa jirani anamgawia. Kimya. Kisha wakaandika. Miaka yangu ya kusimama nyuma ya kaunta Malindi nikisikiliza watu, siku hiyo ndo niliona ina thamani kwa mtu mwingine.

Halafu kuna vile vyumba vya joto, hivi nikikumbuka nacheka peke yangu. Dawa inawekwa kwenye kabati kubwa linaloendeshwa na mashine, nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, inakaa humo miezi na miezi wanaitoa kidogo kidogo kuipima kama imeharibika, hicho ndo kipimo cha nchi za joto na unyevu mwingi sana. Za nchi za baridi zinakaa nyuzi 25 na unyevu 60. Wakati wao wamevaa masweta wananionyesha kwa fahari lile kabati mimi nikatia mkono, nikawaambia hapa ni Malindi mwezi wa tatu, hapa ndo kwetu. Na kuna lingine la nyuzi 40, hilo la kuharakisha, miezi sita. Tangu nirudi siwezi kuona katoni ya dawa imewekwa juani nje ya duka nikanyamaza, wenye maduka wananiona mwenda wazimu.

Na kufa kwa dawa. Karibu dawa tisa kati ya kumi zinazoanza kujaribiwa kwa watu hazifiki sokoni, hiyo namba nilikuwa naijua darasani, lakini kuikuta ukumbini ni kitu kingine. Kulikuwa na mradi watu wameufanyia kazi miaka sita, ikaja ripoti kwamba inadhuru ini la wanyama wa majaribio, kikao kikakaa dakika arubaini, mradi ukazikwa, wakaenda kula chakula cha mchana. Hakuna aliyelaumiwa! Mimi nilikotoka kitu kikifeli anatafutwa mtu. Yule mama aliyekuwa kiongozi wa mradi nilimuuliza unajisikiaje, akasema afadhali sasa kuliko baada ya kumpa mtu.

Menta wanakupa wawili. Mmoja alikuwa menta kweli, kila Jumanne saa nzima, anasoma nilichoandika mpaka nukta. Wa pili alikuwa menta wa kwenye fomu, nilimwona mara mbili, moja ilikuwa kwenye lifti. Omba kubadilisha mapema, mimi niliona aibu mpaka mwezi wa tisa na huwezi kurudisha miezi.

Kitu kilichonishtua ni kwamba huko ndo nilielezwa habari za Kilifi vizuri. Kwenye mafunzo ya majaribio mwalimu akaweka picha ya utafiti uliotoka 2011, FEAST, watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaoletwa na homa kali na damu haizunguki vizuri. Kila daktari duniani alifundishwa umwagie mtoto maji ya mshipa haraka haraka. Wakajaribu kwa haki, wakakuta waliomwagiwa walikufa wengi zaidi kuliko ambao hawakumwagiwa. Na Kilifi ilikuwa ndani. Mwalimu anasema "Kilifi" kwa lafudhi yake, darasa zima linaandika, mimi nimekaa pale nafikiria nimepita geti la hiyo hospitali mara mia na sikuwahi kujua.

Na bafe. Kwetu mtu akiumwa na nyoka shambani ni mbio na pikipiki kutafuta sindano ya kuzuia sumu, ambayo lazima upewe hospitali, na WHO wenyewe waliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyotelekezwa 2017 tu. Sasa kuna dawa ya zamani inaitwa unithioli, ya kumtoa mtu sumu ya metali kama zebaki, watafiti wakaona sumu ya bafe inahitaji zinki ili ifanye kazi yake, na hii dawa inanyakua zinki, kwa hivyo huenda mtu akaimeza kule kule kijijini ikamshikilia mpaka afike hospitali. Jaribio la kwanza la usalama wake kwa ajili hiyo lilifanyika Kilifi, watu wazima 64 wenye afya, hakuna aliyekuwa ameumwa na nyoka. Bado ni safari, usiende kununua ukaweka nyumbani. Lakini dawa ya zamani kazi mpya ndo aina ya wazo ambalo mtu wa Pwani aliyefunzwa angelifikia mwenyewe, sisi ndo tunaoishi na bafe.

Bibi yangu aliposikia nimejifunza "majaribio ya dawa kwa watu" alinisomea dua, kwake hao ni mumiani tu wamevaa tai. Nikakaa naye ukumbini nikamweleza mtu anaambiwa kila kitu kwa lugha yake, anasaini akitaka, anaweza kutoka siku yoyote bila kutoa sababu na bado atatibiwa, na karatasi lazima zipite kwenye kamati ya maadili na kwa Bodi ya Famasia. Akasikiliza yote. Akauliza, na nauli wanampa? Wanampa. Akasema basi ni afadhali kuliko wa zamani.

Kurudi sasa, na hapa ndo nyota imeondoka. Ufadhili una kipesa cha kuanzia kazi ukirudi, kidogo, cha kununua lapto na kuendesha kamradi. Kinapitia akaunti ya taasisi yako. Kwangu kilikaa huko miezi saba, kila ofisi inanituma ofisi nyingine, mara sahihi, mara mkaguzi, mara yule mwenye faili yuko likizo Mombasa. Wafadhili nikiwaandikia wanajibu kwa upole kwamba pesa wameshatuma, na kweli walishatuma. Meza yangu nilikuta ina mtu. Kazi niliyopewa ni ile ile ya kuhesabu stoki. Wenzangu wananiita "Mzungu" nikisema kwenye mkutano tuandike utaratibu kwanza. Mpango umekufunza mwaka mzima kutengeneza dawa na haujakagua hata siku moja kama unakorudi kuna mlango, barua ya mistari sita wameiamini.

Mimi niliponea Kilifi, nilipata siku mbili kwa wiki kwenye timu ya majaribio, mambo ya kuripoti madhara, mshiriki akilazwa tuna saa 24 kupeleka taarifa kwa mwenye jaribio, usiku au Iddi. Natoka nyumbani alfajiri kabla matatu haijajaa. Siku tatu zilizobaki niko kaunta. Kitengo nilichomwahidi yule bibi wa intavyu bado, nina kabati na faili.

Nani aombe: una miaka kadhaa kazini, umeshaona wagonjwa au umeshagusa riseachi kidogo, Kiingereza cha kuandika kiko sawa, na nyumbani wanaweza kukukosa mwaka. Uliyemaliza chuo juzi subiri, utakaa kwenye vikao kama ua la plastiki. Na kabla ya kujaza kitu chochote nenda ukaongee na mhasibu wa taasisi yako, si bosi, mhasibu, ujue pesa ya nje huingia vipi na hutoka vipi.

Kama ningeambiwa nirudie ningeenda tena, kesho, na mke wangu asisome hii.

Wenye proposo wanaotaka niwasomee, niko barazani Shela baada ya isha, Jumatatu na Jumatano. Njooni nayo imeprintiwa, kwa simu sisomi, na atakayekuja mikono mitupu bila kahawa namrudisha.