Unga wa tangawizi kwa tumbo la hedhi: binti yangu umemfaa

Wamama wenye mabinti wa sekondari, hii inawahusu. Wa kwangu yuko form two, siku zake zikianza tumbo la chini linamkamata mpaka kiunoni, anajikunja kitandani hataki hata kuongeleshwa na shule siku hiyo ndo basi. Nanunua unga wa tangawizi kwa wauza viungo wa Kariakoo, robo kilo elfu nne, na kwa kweli umemsaidia kuliko dawa zote za chango tulizoletewa na ndugu.

Unga mzuri utaujua tu, ukifungua mfuko harufu inakupanda puani na ukilamba ulimi unawaka. Ule uliopauka hata haunukii achana nao, umekaa sana dukani. Namwekea nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji ya moto, nafunika kidogo, natia asali maana bila asali hanywi, asubuhi na jioni, siku tatu za mwanzo. Ila muanze mapema, damu ikionekana tu apewe, msisubiri tumbo lishachachamaa. Yale maumivu yanaletwa na prostaglandini, kemikali zinazotengenezwa na mwili wenyewe, ndo zinazofanya kizazi kijikaze, na tangawizi inapunguza kutengenezwa kwake kama ibuprofeni, ile dawa ya maumivu, inavyofanya. Kuna utafiti wa Iran uliotoka 2009, wanafunzi 150, waliopewa kapsuli za tangawizi miligramu 250 mara nne kwa siku walipata nafuu sawa tu na wenzao wa ibuprofeni. Vile vinusu viwili vyangu ni kama gramu mbili hivi, zinatosha, usimzidishie mtoto ukidhani atapona haraka.

Kasoro yake ni kiungulia. Akinywa na njaa kifua kinamuwaka, kwahiyo uji kwanza. Na chupa ya maji moto iliyofungwa kwenye kanga chini ya kitovu tunaweka hukohuko, vinasaidiana.

Kitu ambacho siwezi kumshauri mtu ni zile dawa nyeusi za kwenye chupa za maji zilizotumika. Muuzaji mmoja alinikomalia ninunue, hamna lebo, namuuliza ina nini ananijibu "mizizi saba mama, hata uvimbe inatoa". Mizizi gani, anywe kiasi gani mtoto wa miaka 15, hajui! Nikamrudishia chupa yake.

Na kama binti anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, muulizeni daktari kwanza. Maumivu yakizidi kila mwezi, au anajaza pedi kila saa, au tumbo linauma hata nje ya siku zake, mpelekeni hospitali, inaweza kuwa endometriosisi, yaani nyama kama ya ndani ya kizazi inaota nje ya kizazi, na hiyo tangawizi haitibu. Jamani msimwambie mtoto avumilie eti akizaa itaisha, anaumia sasa hivi.

Unga naupa nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa kiungulia na kwa vile wauzaji hawaandiki umesagwa lini.