Tahadhari Nakuru, Kisumu na Kakamega: muuzaji wa "kidimbwi cha maji ya chumvi"

Jamani watu wa Nakuru, na nyinyi wa Kisumu na Kakamega maana nasikia sasa ameelekea huko, kuna mtu anauza vidimbwi vya kuogelea vya nyumbani. Ni lile tangi la mabati la mviringo, la kunyweshea ng'ombe, na pamoja nalo anakuuzia "mtambo wa maji ya chumvi". Msimpe hata shilingi kabla ya kusoma haya. Mimi ameninyoa bila maji laki moja kasoro mia mbili, na pesa si hata kitu kilichoniuma zaidi.

Jina lake silitaji. Jina la kwenye ukurasa wake ni moja, lililotokea M-Pesa nilipotuma pesa ni lingine, na huenda hiyo laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua lolote. Nitawapa alama zake, mtamtambua wenyewe.

Naishi Kiamunyi. Nyuma ya nyumba nina kipande cha nyasi ambacho hakina kazi, na mwaka jana shule zilipofungwa nikapiga hesabu zangu: watoto wangu wataogelea, wa majirani walipe mia moja moja Jumamosi, kidimbwi kijilipe chenyewe polepole. Nikaona tangazo lake. Picha ilikuwa tamu sana. Tangi linang'aa, sakafu ya mbao pembeni, taa ndogondogo juu. Baada ya kutapeliwa ndipo nilipoikuza ile picha kwenye simu nikaona soketi ukutani: matundu mawili membamba yaliyosimama na kimoja cha duara chini, kama za Marekani. Kwetu plagi ina miguu mitatu minene ya pembe nne. Hiyo picha haikupigwa Lanet kama alivyoniambia. Na Marekani ndiko watu walikoanza kuyageuza matangi ya ng'ombe kuwa vidimbwi, kwa hivyo picha za kuiba ziko tele.

Bei zake: tangi 38,000, mtambo 45,000, "chumvi maalumu" magunia 6 ya kilo 25 kwa 1,800 kila moja, usafiri na kufunga 6,000. Nilitanguliza 60,000, kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Nilimwomba till, yaani nambari ya malipo ya biashara, akasema till "iko na shida leo". Najua, najua. Msinicheke.

Nilimuuliza kwa nini chumvi. Akaniambia, "Madam, hii haina klorini kabisa. Maji ni laini kama ya Pwani, mtoto hata akimeza hakuna shida. Tena inaondoa floridi." Hapo kwa floridi ndipo nilipopaswa kushtuka. Mtu wa Nakuru haambiwi habari ya floridi, iko kwenye maji yetu na tunaiona kwa madoa kwenye meno ya watu tuliokua nao, na njia tunayoijua huku ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa. Hakuna anayeitoa kwa chumvi. Lakini nilikuwa tayari nimewaona watoto wangu ndani ya maji, basi akili ikalala.

Walikuja Jumamosi asubuhi na kenta, vijana wawili na yeye. Tangi wakalitua juu ya nyasi hivyohivyo, bila kusawazisha chini, na ardhi yetu hii ya majivu ya volkano ni laini. Saa nane mchana maji yalikuwa yameinamia upande mmoja kama uji kwenye sahani. Wakamwaga magunia manne ya chumvi, mawili wakasema ni ya akiba. Kisanduku wakakifunga ubavuni, taa ya kijani ikawaka, wakanipigia makofi, nikamalizia 39,800. Kilikuwa na kibandiko cha alama ya KEBS, shirika la viwango, na mimi nikaona hiyo inatosha.

Siku ya tatu maji yakawa rangi ya chai ya rangi. Siku ya nne pale tangi lilipounganishwa kwa kuchomelea palikuwa na mstari wa kutu kutoka juu hadi chini, umenyooka kama umepigwa rula. Macho ya watoto yamekuwa mekundu. Na kijana wa jirani, wa miaka tisa, akaja kuniambia, "Auntie, ukishika hapa pembeni inakutekenya." Nikamwambia ni chumvi imeingia kwenye mikwaruzo ya mikono yako. Nilisema hivyo kwa kinywa changu mwenyewe. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Nikampigia shemeji yangu. Ametunza vidimbwi vya hoteli Mombasa miaka mingi.

"Shemeji, hilo tangi upana wake?"

"Futi nane."

"Kina?"

"Futi mbili, lakini maji yamebakiza kama vidole vinne."

Akanyamaza kidogo, anapiga hesabu. "Hapo una kama lita 2,500. Chumvi mmetia kilo ngapi?"

"Magunia manne ya 25. Kilo mia."

Kimya kirefu. Kisha akasema, "Shemeji, umetengeneza bahari."

Akanieleza, na hii ndiyo sehemu naomba muisome mara mbili, kwa sababu ulaghai wote wa huyu bwana umesimama juu ya neno moja, chumvi. Sisi tukisikia "maji ya chumvi" tunadhani ni kinyume cha klorini, ile dawa ya kuua vijidudu majini. Sivyo. Mtambo halisi wa maji ya chumvi ni kiwanda kidogo cha klorini. Ndani una bamba za titani zilizopakwa madini adimu kama rutheni, umeme unapita katikati yake, chumvi iliyoyeyuka inavunjwa na klorini inazaliwa humohumo majini. Klorini ikishaua vijidudu, sehemu kubwa hurudi kuwa chumvi tena, ndiyo maana chumvi haiishi haraka. Inapungua tu maji yanaporushwa nje au unapoyamwaga. Kwa hivyo anayekuambia mtambo wake hautoi klorini amekuambia moja kati ya mambo mawili: hajui anachouza, au anajua kwamba haufanyi kazi.

Na chumvi inayotakiwa yenyewe ni kidogo sana. Mitambo mingi hutaka karibu gramu 3 kwa kila lita. Lita 2,500 ni kilo 7 na nusu. Kilo saba na nusu! Ungeonja maji yale ungehisi chumvi kwa mbali tu. Mimi nilitiliwa gramu 40 kwa lita, na bahari ina kama 35. Mwanangu wa mwisho alitoka majini siku ya kwanza akasema, "Mama, ni kama Mombasa," tukafurahi wote. Ile ilikuwa kengele, sisi tukaisikia kama sifa.

Nikamwita fundi wa umeme wa mtaani, yule mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, tukakifungua kisanduku. Kwanza alishika tester akaigusisha ukingo wa tangi kabla hatujazima. Ikawaka. Haikuwaka sana, lakini iliwaka. Akaniangalia tu, akaenda kuzima meni suichi bila kusema neno. Ndani ya kisanduku hapakuwa na titani wala nini. Kulikuwa na chaja ya volti 12, ile ndogo ya redio, taa ya kijani, na vipande viwili vya chuma cha kawaida, bado vina alama za msumeno pembeni, vimefungwa kwa waya za shaba. Chuma kikipitishiwa umeme ndani ya maji ya chumvi kinaliwa chenyewe, na ile chai ya rangi ndiyo hiyo. Waya wa volti 240 wa pampu ulikuwa umeungwa kwa selotepu ya kawaida ya karatasi, chini, pale maji yanaporukia. Hakuna ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Hakuna breka ya kukata umeme ukivuja, ambayo fundi anasema ni lazima popote penye umeme na maji ya watu kuogelea.

Tangi nalo. Lilikuwa bati la kuezekea, jembamba, limekunjwa na kuchomelewa, kisha likapuliziwa rangi ya silva. Nilikwaruza kwa ufunguo wa lango, rangi ikatoka kama ganda la yai. Tangi la kweli la mifugo ni chuma kinene kilichopakwa zinki, na zinki ndiyo inayozuia kutu. Ukichomelea, moto unaunguza zinki pale kwenye mshono, na ndiyo sababu kutu yangu ilianzia hapo. Lakini shemeji anasema hata lingekuwa zuri, chumvi na zinki si marafiki. Watu wanaotaka mtambo wa chumvi kwenye tangi la bati hulipaka rangi ngumu ya epoksi ndani au huliwekea karatasi nene ya plastiki, au hununua tangi la plastiki moja kwa moja yakaisha. Muuzaji asiyegusia habari hiyo kabla hujamuuliza, muage kwa heshima.

Magunia ya chumvi je? Yalikuwa yamegeuzwa ndani nje. Nilipoligeuza moja nikakuta picha ya ng'ombe. Chumvi ya mifugo, yenye madini ya chuma na shaba ndani, nzuri kwa maziwa, mbaya kwa maji ya kuogea kwa sababu hayo madini huacha madoa. Hata ya jikoni haifai sana, maana chumvi yetu ya Kenya hutiwa aidini kwa sheria. Inayotakiwa ni safi, isiyo na kitu kingine.

Basi ukikutana naye, au na mwingine mwenye biashara kama yake, muulize tu: tangi hili linachukua lita ngapi, na litataka chumvi kilo ngapi? Anayejua kazi atakujibu papo hapo. Wangu angeniambia magunia sita, na mtoto wangu wa darasa la saba angemkamata kwa kalamu. Mwambie pia afungue mtambo uone bamba, na auwashe ndani ya ndoo ya maji ya chumvi: bamba nzuri hutoa mapovu madogo kama soda, na maji hubaki maangavu. Yakianza kuwa manjano, funga lango. Anayeuza mtambo bila vile vijikaratasi vya kupima klorini na pH (kipimo cha kama maji yana asidi au magadi) ni wa kutilia shaka, kwa kuwa mtambo wa chumvi hupandisha pH siku hadi siku, na maji mengi ya visima vyetu huku tayari yako juu.

Kibandiko cha KEBS kisikutulize kama kilivyonituliza mimi. Kuna nambari chini ya alama. Tuma SM# ikifuatiwa na hiyo nambari kwenda 20023. Ya kwangu nilituma nikiwa nimechelewa, ikaja bidhaa nyingine kabisa.

Kuhusu pesa. Nilituma ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 kuomba zirudishwe, lakini zilikuwa zimeshatolewa zamani. Hiyo 456 husaidia ukiwahi, siyo baada ya siku nne. Nambari yake nimeiripoti kwa 333. Polisi nimeandikisha, nina nambari ya OB, kitabu chao cha matukio. DCI, wapelelezi wa jinai, wana laini ya bure, 0800 722 203. Na sasa najaza fomu za Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi milioni moja na sheria yake inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Karani aliniambia nilete kila kitu: ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo yote, picha, hata kisanduku chenyewe. Kwa hivyo wewe uliyetapeliwa na unasoma hapa, usifute mazungumzo kwa hasira. Mimi nilikaribia.

Yeye mwenyewe, nilipomwandikia kwamba maji yamekuwa mekundu, alijibu mara moja tu: "Hiyo ni madini inatoka, ni kawaida, ngoja wiki mbili." Baada ya hapo tiki za samawati bila jibu, kisha tiki moja, kisha yule dada wa "mteja hapatikani". Wiki mbili baadaye binamu yangu wa Kisumu akanitumia tangazo: ukurasa mpya, jina jipya, bei imepanda kidogo, na picha ni ileile, na soketi yake ileile ukutani.

Alama nyingine: anapenda kuita kila mtu "madam" au "boss", hana duka wala karakana atakayokubali uitembelee, na daima till ina shida. Kama umeshalipa amana, niandikie faragha. Tukiwa wengi tutapeleka pamoja.

Tangi tumelimwaga kwenye barabara, mbali na mboga, kwa sababu maji yale yangeua sukuma wote wa mtaa. Yale magunia mawili ya akiba bado yako stoo. Jirani ameyaombea ng'ombe wake mara mbili sasa, na nimemwambia asubiri hadi mahakama iyaone kwanza.