Dirisha la pili kwa ndani: uzoefu wangu na kelele za barabarani

Kwa kelele za magari, dirisha la pili lililofungwa upande wa ndani limenifaa kuliko kioo pacha cha kiwandani. Hata hivyo, kama mipira inayoziba kingo za dirisha la zamani imekufa, anza na hiyo kabla hujatoa hela ya kioo chochote.

Kioo pacha, yaani vioo viwili vya mm 4 vyenye mwanya wa mm 16 kati yake, huuzwa kama dawa ya kelele. Ni dawa ya joto na baridi. Kioo kimoja cha mm 4 hukata takriban desibeli 29. Pacha hicho huongeza moja au mbili tu, na sikio linahitaji kama desibeli 10 ndipo lione kelele imepungua nusu. Tatizo ni mwanya. Hewa iliyobanwa katika nafasi ndogo hivyo hufanya kazi kama springi: karibu na hezi 200 (mitikisiko 200 kwa sekunde) vioo vyote hutikisika pamoja, na muungurumo wa malori umo humo humo. Isitoshe, vioo vyenye unene sawa huwa dhaifu kwenye sauti ile ile, kwa hiyo kinachopenya cha kwanza hupenya na cha pili.

Nilichofunga ni fremu ya aluminiamu yenye kioo cha lamineti cha mm 6.4 (vipande viwili vya mm 3 na utando wa plastiki katikati), mm 100 kutoka kioo cha zamani cha mm 4. Kwa umbali huo mtikisiko wa pamoja hushuka chini ya hezi 80. Chini ya mm 50 sioni faida ya kujisumbua. Zaidi ya mm 200 unapoteza nafasi bure. Pande za ndani za mwanya, kati ya fremu na fremu, weka sponji au sufi ya mawe (nyuzi za mawe zinazofanana na pamba) ya mm 25. Fundi wengi huliruka hili, na ndilo la bei ndogo kuliko yote.

Pigia hesabu uzito. Kila mm 1 ya kioo ni kilo 2.5 kwa mita ya mraba, hivyo dirisha la mita 1.2 kwa 1.5 hubeba kilo 27 za kioo peke yake. Skrubu ziingie kwenye tofali, si kwenye plasta, moja kila mm 300. Na usikubali dirisha la kuteleza kwa sababu tu ni rahisi kufungua: linazibwa kwa brashi, na brashi hupitisha hewa. La bawaba hukandamiza mpira. Hapo sibishani na mtu.

Sasa mipira. Kata kipande cha karatasi, kibane kati ya dirisha na fremu, funga, kisha vuta. Kikitoka bila kukwama, mpira haukandamizwi. Rudia kila sentimita 20, hasa penye kona na upande wa bawaba. Sponji ya kubandika hulala baada ya miezi michache na haiinuki tena. Chukua mpira wa EPDM (mpira sanisi unaostahimili jua na mvua) wenye umbo la D, futa fremu kwa spiriti, acha ikauke, ubandike. Usiuvute unapobandika! Mpira uliovutwa hurudi taratibu na kuacha tundu kwenye kona, nawe utalaumu kioo.

Kati ya fremu na ukuta mara nyingi kuna povu la kujazia tu, ambalo ni jepesi mno. Likwangue, sindilia sufi ya mawe, halafu ziba kwa silikoni ndani na nje.

Kasoro zipo. Ukungu hutokea kati ya vioo ikiwa dirisha la ndani linavuja: hewa yenye unyevu ya chumbani huingia, na unyevu wake hugeuka matone kwenye kioo cha nje. La ndani liwe limezibwa kuliko la nje, na vifuko viwili vitatu vya silika, vya kunyonya unyevu, vikae chini ya mwanya. Honi na sauti za watu hupungua sana. Mngurumo wa injini kubwa hubaki, ila kwa mbali. Na chumba kikishatulia, utaanza kusikia vilivyofunikwa zamani: jirani kupitia soketi zilizopeana mgongo ukutani, au tundu la bomba la kiyoyozi ambalo hakuna aliyeliziba.

Kuhusu ukuta nitasema machache. Trei za mayai na sponji za kubandika hupunguza mwangwi wa chumba chako, hazimzuii jirani. Kinachozuia ni uzito: jipsamu bodi mbili za mm 12.5 zilizopishana maungio, juu ya fremu isiyogusa ukuta, na sufi ya mawe ya mm 50 ndani. Skrubu moja ndefu inayofika kwenye tofali hubeba mtetemo na kuharibu kazi ya siku nzima.

Penye jiko la gesi au la mkaa usizibe chumba bila njia ya hewa. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu itokayo kwenye moto, huua kimya kimya. Njia hiyo iwe bomba lenye kona mbili, lililotandazwa sponji ndani: hewa hupita, sauti hugonga na kufia humo.