Kikapu kilichonirudishia Jumapili

Nilikinunua soko la Kariokor, Nairobi: kikapu cha kupikia bila moto, nje kimesukwa, ndani sponji na kitambaa vya kutunza joto la sufuria. Jumamosi usiku naloweka maharagwe. Alfajiri nayachemsha nusu saa, nafunika sufuria, natumbukiza kikapuni, tunapanda matatu kwenda ibada. Saa saba tukirudi nyumbani, mtaa wa Umoja, yameiva, bado yanatoa mvuke. Zamani nilikuwa nachomoka kabla ya baraka za mwisho, nikiwaza njaa ya baba watoto (naye amekaa tu!). Sasa nabaki hadi kikao cha akina mama. Wali usiusahau humo, hugeuka bokoboko. Mto wa kufunikia ulifumuka mwezi wa pili, nikaushona mwenyewe. Na mchuzi ukimwagika ndani, harufu yake ni ya wiki nzima.