Gari la kuazima la gereji: wakikwambia "lina bima", waulize bima ya nani

Gari langu lilikuwa linaingia gereji kunyooshwa bodi na kupigwa rangi, na gereji yenyewe inajitangaza kwamba ukiwaachia gari wanakupa la kwao utumie bure mpaka lako litoke. Ufundi wao sina neno, wamenyoosha vizuri na rangi imeoana kabisa na ile ya zamani. Ninachotaka kuongelea hapa ni bima ya hilo gari la kuazima, maana watu wengi wanapokea ufunguo wanaondoka zao, na pale kaunta wameshazoea hivyo.

Dada wa kaunta alinisogezea fomu niweke sahihi. Nikamuuliza hili gari lina bima? Akasema lina bima kubwa kaka, usiwe na wasi. Sawa, bima kubwa, yaani ile inayolipia na gari lenyewe, ya nani? Hapo akaenda kumwita msimamizi. Swali lenyewe wala sio la ujanja, gari la gereji linaweza kuwa limekatiwa bima na gereji, au gereji wanategemea bima yako wewe ndo ihamie kwenye gari lao kwa muda ule, na hivi vitu viwili havifanani hata kidogo. Kama bima ni yao, ukigonga, klemu, yaani madai ya kulipwa na bima, inaenda kwao na wewe unabaki kudaiwa ekses, yaani kile kiasi unachotoa wewe kwanza kabla bima haijalipa chochote. Kama ni yako klemu inaingia kwenye rekodi yako, na lile punguzo la miaka ya kutodai linaweza kupotea kwa sababu ya gari ambalo hata si lako.

Msimamizi alikuwa muungwana, akaleta karatasi tukakaa nayo. Bima ilikuwa yao na ilikuwa kubwa kweli, ila masharti sasa! Dereva awe na miaka 25 kwenda juu, awe ni yule yule aliyesaini fomu, hakuna kubeba abiria wa kulipa, na tairi, rimu, vioo pamoja na uvungu wa gari havimo. Ukiweka petroli kwenye gari la dizeli hilo ni lako. Halafu ekses, aisee, ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ekses ya bima yangu, na kwenye fomu ya kusaini haikuandikwa popote, ilikuwa kwenye hiyo karatasi ambayo bila kuuliza nisingeiona.

Na mke wangu ambaye kwenye bima yangu jina lake lipo na anaendesha kila siku, kwa gari lile hakuruhusiwa hata kulisogeza. Ilibidi aandikwe kwenye fomu naye na alete leseni yake, tukafanya hivyo.

Nikampigia na wakala wangu wa bima hapo hapo. Kuna watu wanaamini ukiwa na bima kubwa basi unalindwa kwenye gari lolote utakalokaa nyuma ya usukani, sio hivyo. Bima nyingi zenye kipengele cha kuendesha gari la mtu mwingine zinakupa thedi pati tu, ukimgonga mtu analipwa yeye, lile gari ulilokalia utajua mwenyewe, na mara nyingi gari la kukodi au la gereji linatolewa kabisa kwenye hicho kipengele. Wakala akasema wanaweza kuhamishia kava kwenye gari la gereji, wanachotaka ni namba ya gari na tarehe za kuchukua na kurudisha, ila akaniambia ukweli kwamba ikihama inahama kweli, lile langu lililoko gereji linabaki bila bima yangu kwa muda huo. Nikaona bora nibaki na bima ya gereji.

Kabla ya kuwasha nilizunguka gari lote na video ya simu, bampa mpaka rimu, saa ya kilomita na geji ya mafuta, jamaa wa pale wakawa wananiangalia kama mpelelezi. Ile video ndo ilinisaidia siku ya kurudisha maana walianza na mkwaruzo wa rimu ambao ulikuwepo toka mwanzo, nikawaonyesha wakaufuta.

Bampa ya nyuma ilikuwa habari nyingine. Mtu aliigusa kwenye maegesho akaondoka bila kuacha namba, na kwenye mambo haya kama aliyekugonga hajulikani ekses inakuangukia wewe hata kama gari lilikuwa limezimwa na wewe haupo. Matengenezo yake yakawa chini ya ekses, kwa hiyo bima haikuhusika kabisa, nililipa yote mimi. Na hapa ndo pananikera hadi leo, kwamba anayepima uharibifu, anayepanga bei na anayetengeneza ni gereji ile ile inayokudai. Mwanzo wakanitajia namba moja tu kwa mdomo. Nikaomba mchanganuo, rangi kiasi gani, kazi kiasi gani, na kwa nini kuna hela ya siku ambazo gari lao litakaa bila kutumika. Kwenye mkataba hiyo ya mwisho haikuwepo, ikatoka.

Kwa gari lenyewe nawapa nyota nne, lilikuwa safi na halikunisumbua. Kwa maelezo ya bima nawapa mbili, na hizo ni kwa sababu msimamizi alikubali kukaa chini na karatasi. Nilimwambia ekses muiandike ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa, mtu aione kabla ya kusaini. Akacheka, akasema tukifanya hivyo kaka nusu ya wateja watapanda basi.