Chupa mbili za mvinyo wa Dodoma katika duka la Tanga

Chupa ya kwanza ya mvinyo mwekundu mkavu wa Dodoma niliyoinunua katika duka moja la vinywaji hapa Tanga niliimwaga baada ya funda moja. Rangi ilikuwa imegeuka kahawia kama chai iliyolala, na harufu yake ilikuwa ya siki. Mkulima hakuwa na kosa, kwa maana chupa hiyo ilikuwa imesimamishwa dirishani, panapopigwa jua tangu adhuhuri.

Nilirudi kwa sababu mvinyo huu umepita katika mengi kabla ya kufika pwani. Wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu Bihawana, Dodoma, katika miaka ya 1950. Baadaye kiwanda cha serikali, DOWICO, kikawa mnunuzi wa kutegemewa, na kilipozorota wakulima wakabaki na zabibu zisizo na soko. Kilimo hicho kimeinuka tena kwa viwanda binafsi, kikiwamo cha CETAWICO huko Hombolo, na kwa wakulima wanaokamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu ili wasilazimike kuuza matunda kwa bei ya kutupa kabla hayajaoza. Mizabibu ya Dodoma, ikipogolewa kwa wakati, huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Ulaya, yenye majira ya baridi, hawalipati.

Kijana wa dukani alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, “Samahani sana, mama, ile ya dirishani ni ya maonyesho tu. Ngoja nikutolee ya stoo.” Kwa nini basi aliniuzia ya maonyesho, sikumuuliza.

Hii ya stoo ilikuwa kitu kingine kabisa. Kizibo kilitoka kizima, ncha yake imelowa rangi iliyoiva, na mvinyo wenyewe ulikuwa na ukakasi ule unaobaki ulimini mtu akila zambarau, ukifuatiwa na uchachu mwepesi. Kwa pweza wa kuchoma niliyemnunua soko la Deep Sea ulifaa sana. Kwa samaki wa kupaka ulishindwa, kwani tui zito liliufunika. Anayetarajia utamu wa sukari hataupenda.

Bei ni ya haki, na huduma ni nzuri mradi uagize ya stoo mwenyewe. Juzi nilipita tena: dirishani imewekwa chupa nyingine, na kibandiko chake kimeanza kupauka.